Kemia ya Jikoni ni Kinga ya Mtoto

Waswahili husema, mtoto akililia wembe mpe. Maana yake ni kwamba uchungu kidogo hufunza kuliko maonyo mengi. Methali hiyo ina ukweli katika mambo mengi, ila kwa kemikali za nyumbani haifai. Kidonda cha wembe hupona kwa siku chache, lakini koo lililounguzwa na kostiki soda huweza kubaki na kovu linalobana njia ya chakula kwa miaka mingi. Mtoto ambaye mafuta ya taa yamemwingia mapafuni huenda asipate nafasi ya pili ya kujifunza.

Katika nyumba za Nguvumali, kama ilivyo katika kata nyingine za Jiji la Tanga na miji mingi ya pwani, kemikali hizo haziko mbali na watoto. Mafuta ya taa hununuliwa kwa kipimo na kuwekwa katika chupa iliyokuwa ya soda au ya maji. Jiki hukaa kando ya beseni la kufulia. Kostiki soda huwapo kwa wanaotengeneza sabuni, na chokaa kwa wanaojenga. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2008 ilikadiria kuwa sumu ziliua zaidi ya watoto na vijana 45,000 wa chini ya miaka 20 duniani katika mwaka 2004. Ripoti hiyo iliyataja mafuta ya taa miongoni mwa visababishi vikuu katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati.

Wazazi wanapofika kliniki huambiwa waweke vitu hivyo mbali na watoto. Agizo hilo ni sahihi na liendelee kutolewa, lakini ni nusu tu ya kinga. Katika nyumba ya chumba kimoja au viwili hakuna mahali palipo mbali, na mtoto wa miaka minane mara nyingi ndiye anayetumwa dukani kuyaleta mafuta hayo. Mtoto wa umri huo anahitaji kuelewa kwa nini amekatazwa. Kwa sababu hiyo, kufundisha kemia kwa vitendo nyumbani kunastahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya elimu ya afya, wala si anasa ya familia zenye uwezo.

Vifaa vyenyewe viko jikoni. Karatasi nyeupe ikipakwa manjano yaliyokorogwa na maji, kisha ikakauka, hugeuka kuwa nyekundu ya kahawia inapodondoshewa maji ya magadi yanayolainishia maharagwe. Ikidondoshewa ndimu, hurudi kuwa ya njano. Hapo mtoto ameiona besi na ameiona asidi. Ganda la yai likilowekwa katika siki hutoa mapovu na kulainika. Ndivyo pia maji ya mvua yenye asidi hafifu yalivyolila jiwe la chokaa, kidogo kidogo, hadi yakachonga mapango ya Amboni. Ndivyo na asidi inayozalishwa na bakteria wa kinywani, walishwao na sukari, inavyolila jino. Mtoto aliyelishika ganda hilo lililolainika hahitaji kushurutishwa sana kupiga mswaki.

Mafunzo mawili kati ya haya yanaweza kuokoa maisha. La kwanza ni kwamba macho hayatoshi. Vikombe vitatu vikiwekwa mezani, kimoja cha maji matupu, cha pili cha maji ya chumvi, cha tatu cha maji ya magadi yaliyochujwa vizuri, mtoto hawezi kuvitofautisha kwa kuvitazama. Karatasi ya manjano ndiyo itakayokifichua cha magadi. Baada ya jaribio hilo, kanuni ya kutoonja kisichojulikana huwa jambo alilolithibitisha mwenyewe.

La pili ni kipimo. Kitu kile kile huwa dawa au madhara kulingana na kiasi chake. Pakiti ya dawa ya kuhara ya ORS, kwa mchanganyiko uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, hutoa gramu 2.6 za chumvi ya kawaida na gramu 13.5 za glukosi kwa kila lita. Maji yakiwa machache mno, chumvi huzidi na kumdhuru mgonjwa; yakiwa mengi mno, dawa hupungua nguvu. Mtoto aliyezoea kusoma maelezo ya pakiti na kupima maji kwa chombo cha lita atakuwa msaada siku mdogo wake atakapoharisha.

Wapo watakaosema kwamba mafunzo haya yatamchochea mtoto kuchezea vitu vya hatari. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mtoto huchanganya vitu hata asipofundishwa na mtu. Tofauti ni kama yuko peke yake au pamoja na mkubwa. Masharti yawe wazi. Mtu mzima awepo mwanzo hadi mwisho. Vitumike vitu vya chakula tu. Jiki, kostiki soda, chokaa, mafuta ya taa na dawa za wadudu visiguswe kabisa. Mchanganyiko unaotoa mapovu usifungiwe ndani ya chupa, kwani hewa ya ukaa huweza kuipasua. Hakuna kuonja, na mikono inawe. Kwamba jiki ikichanganywa na siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, gesi inayounguza mapafu, mtoto aelezwe kwa maneno tu.

Faida nyingine ni ya lugha. Katika shule za serikali, somo la Kemia huanza kidato cha kwanza, tena kwa Kiingereza. Aliyeiona asidi jikoni kwao huja darasani na maana tayari, akabakiwa na kazi ya kujifunza jina. Mkoa wa Tanga una ushahidi wa thamani ya jiko kwa sayansi, ingawa wenyewe ni wa fizikia. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya ule uliopozwa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne waliuchapisha uchunguzi huo, na wanasayansi wangali wanaujadili.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wauguzi wa kliniki za mama na mtoto wanaweza kuanza na dakika tano za karatasi ya manjano, wakamalizia na huduma ya kwanza. Aliyekunywa mafuta ya taa au kostiki soda asitapishwe. Apelekwe mara moja kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe. Jicho lililoingiwa na chokaa lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15 kabla ya safari. Kisha mzazi arudi nyumbani, ahamishe mafuta ya taa kutoka chupa ya soda, na amwachie mtoto kazi ya kuchora alama ya hatari kwenye chombo kipya. Alama aliyoichora kwa mkono wake ataiheshimu, na atawaonya wadogo zake.