Sukari si kama malaria

Malaria imetufundisha sote namna moja ya kutumia dawa. Mtu huugua, hupimwa, hupewa dawa mseto ya siku 3, huimaliza, na akipata nafuu hurudi shambani. Kwa malaria desturi hiyo ni njema. Lakini wengi wetu tumeichukua hivyo hivyo tukaipeleka kwenye ugonjwa wa sukari, na huko yaleta hasara kubwa.

Hutokea hivi. Baba wa makamo ashikwa na kiu isiyokwisha, usiku aamka mara nne kwenda haja ndogo, macho yaona ukungu, suruali zaanza kumpwaya. Apelekwa kupimwa damu asubuhi kabla ya kula, na kipimo chasoma 14. Mtu ambaye bado hajala akifika 7 au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikasema vile vile, huhesabiwa kuwa ana ugonjwa huu. Basi apewa vidonge vya metformini. Baada ya mwezi mmoja au miwili kiu imekwisha na usingizi umerudi. Vidonge navyo vimekwisha. Baba asema, "Nimepona," na nauli ya kliniki ainunulia mbolea. Nyumbani hakuna wa kumlaumu, maana kwa macho ni mzima kabisa.

Kumbe hakupona, alikuwa ametulizwa. Katika aina hii ya pili ya kisukari, kongosho bado latengeneza insulini, yaani ile kitu iufanyayo mwili upokee sukari kutoka katika damu. Ila mwili hauitii sawasawa, na kongosho lenyewe lachoka kadiri miaka inavyopita. Metformini hulizuia ini lisimwage sukari nyingi mno katika damu, tena huusaidia mwili kuiitikia insulini. Kidonge cha leo hakifanyi kazi ya mwezi ujao. Ukiacha, sukari yapanda tena polepole, nawe husikii lolote. Mtu aweza kukaa na 11 au 12 miezi mingi, alima, acheka, aenda harusini, huku mishipa midogo ya macho na ya figo yaharibika, na miguu yapoteza hisia. Siku moja kijiwe chaingia ndani ya kiatu, naye hakisikii hata jioni. Donda laanza hapo. Wako watu waliokatwa mguu kwa sababu ya kijiwe.

Wengine huacha dawa kwa sababu ya tumbo. Ni kweli, metformini mwanzoni yaweza kuharisha na kuchafua moyo. Imezwe pamoja na chakula, si kabla. Mara nyingi tumbo huzoea baada ya majuma machache. Lisipozoea, mwambie mganga wa zahanati, kwani dozi hupunguzwa, na iko aina nyingine iyeyukayo polepole. Kuacha kimya kimya ndiko kubaya.

Sasa sahani. Nasikia watu wakijisifu, "Mimi sukari nimeacha, chai nakunywa kavu," kisha wanawekewa ugali kama kichuguu. Ugali ukifika tumboni hugeuka sukari. Dona ni bora kuliko sembe, lakini dona nayo hupimwa. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au kabichi. Robo iwe maharage, dagaa au samaki. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali au ndizi. Asali ni sukari. Soda moja ya mililita 300 mara nyingi ina gramu 30 hivi za sukari, karibu vijiko 7 vya chai. Wala yasitudanganye maneno kwamba kila kilicho kichungu huua sukari. Majani machungu hayashiki nafasi ya vidonge.

Akina mama, najua taabu yenu: wote wala sinia moja, na mgonjwa huyo ndiye mwenye nyumba. Mpakulieni sahani yake, lakini asile peke yake pembeni kama mtu aliyeadhibiwa. Na mboga ziongezwe kwa wote, watoto hazitawadhuru.

Juu ya mazoezi, mkulima hucheka akiambiwa. Msimu wa jembe ana haki ya kucheka. Lakini baada ya mavuno twakaa sana, na siku hizi hata kwenda gengeni twapanda pikipiki. Msuli ukifanya kazi huchukua sukari kutoka katika damu hata kama insulini ni dhaifu. Mwendo wa haraka wa dakika 30, siku 5 kwa juma, watosha; baada ya chakula cha jioni ni saa nzuri. Viatu vivaliwe.

Jambo moja la hatari lazima nyumba nzima ilijue. Ikiwa mgonjwa ametiwa kwenye glibenklamaidi, au achoma insulini, kisha akalima bila kula, au akanywa pombe na tumbo tupu, sukari yaweza kushuka mno. Atatoka jasho, atatetemeka, atasema ovyo, na watu watadhani amelewa. Akiweza kumeza, mpeni mara moja vijiko 3 au 4 vya sukari katika maji, kisha chakula. Akiwa amezimia msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali. Kwa sababu hiyo hiyo, asifunge siku za Kwaresima kabla ya kuonana na mganga. Sheria ya mfungo haimbani mgonjwa, naye asione haya kula.

Safari ya kliniki ipangwe wakati vidonge vya juma moja vingali ndani, si siku pakiti ilipokwisha. Achukue pakiti ile aende nayo. Akifika, avue viatu na kuomba miguu itazamwe, aulize lini figo zake zitapimwa, na macho je, yalitazamwa mwaka huu? Kama hakuna anayeyatazama hapo, aombe barua ya kwenda hospitali ya wilaya.