Pima ngazi kabla ya kumwaga zege

MPANDA ngazi hushuka, walinena wahenga. Lakini je, msomaji, atashuka salama?

Ukisafiri kutoka Kericho kupitia Litein hadi Bomet, utaona chai imetanda kwenye miteremko, na kando ya barabara nyumba za ghorofa. Mvua huku hunyesha karibu mwaka mzima. Mtoto huingia na gambuti zenye matope, nyanya naye huja na mkongojo. Ngazi mbaya haimhurumii yeyote.

Familia nyingi huchagua rangi ya kuta mapema, lakini ngazi humwachia fundi aibane popote palipobaki. Hilo ni kosa. Pima kimo kutoka sakafu ya chini hadi ya juu. Kikiwa sentimita 288, gawanya kwa 16. Kila kipandio kitainuka sentimita 18. Mahali pa kukanyaga pawe sentimita 28. Kimo mara mbili, ukijumlisha upana wa kukanyaga, kisipungue 60 wala kuzidi 64. Mfaransa François Blondel alieleza kanuni ya namna hii katika karne ya 17, na mafundi wangali wanaitumia.

Kipandio cha 16 ni sakafu ya juu yenyewe, hivyo 15 vilivyobaki vitahitaji urefu wa mita 4.2. Nafasi ikikosekana, pindisha ngazi katikati. Usiongeze kimo.

Hatari kubwa ni vipandio visivyolingana, kwa maana mguu huzoea kimo kimoja upesi. Zege humwagwa leo, kisha baadaye sakafu zote mbili huongezwa sentimita 5 za saruji na vigae, ngazi ikiachwa ilivyo. Kipandio cha kwanza hubaki 13 na cha mwisho huwa 23. Hapo ndipo watu huanguka! Mwambie fundi apige hesabu kwa sakafu iliyokamilika.

Kishikio kiwe na kimo cha sentimita 90 hivi, na nafasi kati ya nguzo zake isizidi 10, kichwa cha mtoto kisipenye. Weka swichi ya taa juu na chini. Ngazi za nje zisilainishwe. Ziache zikwaruze, ziiname kidogo kwa mbele ili maji yatiririke.

Wahenga pia walisema kujikwaa si kuanguka. Kwenye ngazi, msomaji, mara nyingi ni kuanguka. Basi fundi aje na tepu kabla ya kuja na koleo.