Mti mzima ndani ya sinia

Huenda wewe nawe ni mpangaji wa orofa ya tatu, huna hata hatua moja ya bustani. Usikate tamaa. Kuna ufundi wa Wajapani uitwao bonsai, maana yake kilichopandwa kwenye sinia, ambao chimbuko lake ni Uchina. Mti wa kawaida hukuzwa katika chombo kifupi ukabaki mdogo, lakini shina na matawi yake yakawa ya mzee wa msituni. Hakuna mbegu maalum wala dawa ya kuudumaza. Siri ni kuupogoa, matawi na mizizi.

Wangu wa kwanza niliuua. Nilinunua mtarakwa mchanga nikauweka juu ya televisheni ili wageni wausifu. Mtarakwa ni mti wa jua na upepo. Tena hubaki kijani majuma kadhaa baada ya kufa, kwa hivyo kila asubuhi nilikuwa nikimwagilia maiti.

Wewe anza na mugumo, ambao ni mvumilivu. Tafuta chombo chenye matundu chini. Changanya mchanga wa mto, kokoto ndogo na mbolea iliyooza vizuri ili maji yasituame. Uweke roshanini upate jua la asubuhi. Usimwagilie kwa mazoea: chomeka kidole, na ukikuta udongo wa juu umekauka, mwagilia mpaka maji yatokee chini. Ukitaka kupinda tawi, lizungushie waya laini, kisha uutoe kabla haujauma gome. Kila baada ya miaka miwili hivi, mvua za masika zinapoanza, ung'oe, punguza thuluthi ya mizizi na uurudishe katika udongo mpya.

Mjini Washington, Marekani, katika bustani ya miti ya taifa, kuna msonobari uliotunzwa chunguni tangu 1625. Ulikuwa wa familia ya Yamaki ya Hiroshima. Bomu la atomiki lilipoangushwa mwaka 1945, nyumba yao ilikuwa yapata kilomita 3 kutoka hapo, na ukuta wa bustani ukaukinga mti huo. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Wamarekani, taifa lile lile lililoangusha bomu.

Ukuta uliukinga siku moja. Siku nyingine zote, kwa karne tatu na zaidi, palikuwa na mtu wa kuunywesha. Chombo kifupi hukauka upesi, na mti ulio ndani yake hauwezi kujitafutia maji.

Basi kabla hujatoa pesa zako, kaeni chini wewe, mama watoto na watoto wenyewe, mjibu swali moja: tukienda mashambani Krismasi, ufunguo wa nyumba tutamwachia nani?