Usukani ukitetemeka, tuulize

Toka Kinsevere kwenda mjini Lubumbashi tunapanda motokari pamoja na watoto na mizigo ya soko. Mara nyingine, shofere akifika penye lami na kuongeza mwendo, usukani unatetemeka mikononi mwake. Tunasema ni njia mbaya. Lakini kama njia ni laini, mara nyingi ni mpira wa mbele ambao uzito wake hauko sawa pande zote. Mwendo ukiwa mdogo haionekani. Karibu na kilomita 80 kwa saa inaonekana wazi. Ikiwa ni mpira wa nyuma, tunausikia mtetemo kwenye kiti.

Wakati wa mvua, udongo mwekundu unaingia ndani ya janti na kukaukia upande mmoja. Gramu chache zinatosha kuharibu. Mashimo nayo yanaangusha plombi ndogo zilizopigwa kwenye janti.

Kwanza shofere asimame, akaze buloni, maana gurudumu lililolegea nalo linatetemesha usukani, na linaweza kung'oka. Kisha aoshe janti kwa ndani. Isipokwisha, aende garaji kufanya ekilibraje. Motokari ikivuta upande mmoja, apime kwanza upepo wa mipira yote.

Mpira uliovimba hauponi kwa plombi, ni kuubadilisha. Tukiuona, tusipande.

Vikundi vinavyokodi motokari, tuangalie mipira na tuulize habari ya usukani kabla ya kulipa. Shofere mzuri hatakasirika.