Uchapishaji Huria na Hadhira Isiyojibu

Tangu Azimio la Budapest kuhusu ufikiaji huria wa maandishi ya kitaaluma litangazwe mwezi Februari 2002, imekuwa desturi vyuoni kuusifu uchapishaji usiomtoza msomaji kana kwamba ni ukombozi uliokwisha kamilika. Makala ikiwekwa kwenye intaneti bila malipo, husemwa, elimu imekuwa huru. Dai hili hurudiwa hata na wahakiki wa fasihi, ambao ndio wangetarajiwa kuwa wa kwanza kulitilia shaka, kwani kazi yao ni kuuliza nani ananena, anamnenea nani, na kwa idhini ya nani. Uhuru unaosifiwa hapa ni uhuru wa kusikiliza tu.

Katika kielelezo alichokitoa Roman Jakobson mwaka 1960, tendo la mawasiliano lina viambajengo sita: mnenaji, mnenewa, ujumbe, muktadha, msimbo na mguso, yaani ule mkondo unaowaunganisha wanaowasiliana. Watetezi wa uchapishaji huria wamekishika kiambajengo kimoja, mguso, wakakifanya kuwa mawasiliano yote. Kazi ya lugha inayoambatana na mguso, kwa mujibu wa Jakobson mwenyewe, ni kuhakikisha tu kwamba njia iko wazi, mithili ya mtu anayeuliza kwenye simu iwapo anasikika. Njia kuwa wazi si jambo dogo. Maktaba iliyoshindwa kuyalipia majarida ya ng'ambo inaijua thamani yake. Lakini mawasiliano hayakomei hapo. Msimbo nao husahaulika: makala kuhusu utenzi wa Kiswahili hufunguliwa kwa ulimwengu mzima katika Kiingereza, na msomi aliyeandika kwa lugha ya utenzi wenyewe huhesabiwa kuwa hajaandika.

Mfumo uliopata nguvu miongoni mwa wachapishaji wakubwa ni ule unaomwondolea msomaji malipo na kumtwika mwandishi. Mwezi Novemba 2020 wachapishaji wa Nature walitangaza ada ya yuro 9,500 kwa makala moja itakayosomwa bure. Mhakiki wa riwaya ya Kiswahili hana haja na Nature, ni kweli. Lakini hata ada za majarida ya hadhi ya chini zaidi huhesabiwa kwa mamia na maelfu ya dola, na katika taaluma ya fasihi ni nadra kupatikana mfadhili wa kuzilipa. Lango, basi, halikubomolewa. Limehamishwa. Mhadhiri wa Eldoret anaweza leo kuisoma bila senti makala iliyoandikwa Ulaya kuhusu Kezilahabi. Akitaka kuipinga katika jarida lilo hilo, ataletewa ankara. Hujibiwa kwamba upo msamaha wa ada kwa nchi maskini. Msamaha huo aghalabu hufuata madaraja ya uchumi, na mwaka 2015 Benki ya Dunia iliiondoa Kenya katika daraja la mapato ya chini na kuiweka katika lile la kati kwa ngazi yake ya chini. Mfuko wa mwanafunzi wa uzamili haukupandishwa daraja siku hiyo. (Tena msamaha huombwa na mkosaji, haieleweki mwandishi huyu amekosa nini.)

Fasihi ya Kiswahili ina nadharia yake ya mawasiliano, nayo ni kali kuliko ya Jakobson. Katika fasihi simulizi hadhira si mtungi wa kumiminiwa: huitikia, hukatiza, humsahihisha fanani, na kesho yake mmoja wao ndiye fanani. Katika malumbano ya ushairi, shairi la changamoto ni nusu ya tendo hadi lijibiwe, na jibu hufuata bahari ile ile. Ndivyo alivyojibizana Muyaka wa Mombasa katika karne ya 19, na ndivyo washairi walivyojibizana baadaye katika kurasa za magazeti. Mgogoro wa arudhi uliopamba moto baada ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974 ulikuwa malumbano kwa nathari. Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya Mulokozi na Kahigi (1979) na Tungo Zetu ya Ibrahim Noor Shariff (1988) husomwa leo kama hatua za mjadala mmoja. Lau kila hatua ingelipiwa ada kwa dola, mjadala ungebaki na upande mmoja, na wanafunzi wangefundishwa upande huo kuwa ndio ukweli.

Huenda mtetezi akakimbilia kwa Roland Barthes, aliyetangaza mwaka 1968 kwamba msomaji huzaliwa kwa kufa kwa mwandishi. Barthes alizungumzia mamlaka juu ya maana ya matini. Hakuzungumzia stakabadhi.

Azimio la Budapest lenyewe lilitaraji elimu isafiri pande zote mbili, ya tajiri kwa maskini na ya maskini kwa tajiri. Nusu ya pili ndiyo iliyoachwa njiani, wala haikuachwa kwa kukosa mifano. Mtandao wa SciELO ulianzishwa Brazili mwaka 1998 kwa fedha za umma. Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994 ndani ya mfululizo wa makala za Köln, hupatikana lote bure kwenye intaneti na hupokea makala za Kiswahili. Ni jambo la kutahayarisha kidogo kwamba mfano ulio karibu zaidi na wahakiki wa Kiswahili unatunzwa Ujerumani, ilhali jarida la Kiswahili la Dar es Salaam ni mrithi wa kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930.

Gharama ipo, na hakuna mhariri anayeikana. Suala ni nani aibebe. Idara inayomhimiza mhadhiri wake alipe ili achapishwe ng'ambo, kisha ikashindwa kuyaweka kwenye intaneti matoleo ya zamani ya jarida lake lenyewe, imekwisha chagua. Na kamati ya kupandisha vyeo inayolipa alama zaidi jarida la mbali kwa sababu tu liko mbali imeuidhinisha uchaguzi huo.