Njaa inavyogeuza panadol ya mtoto kuwa hatari Kaskazini Mashariki

Paracetamol ya maji, ambayo wengi huiita panadol hata isipokuwa ya kampuni hiyo, huuzwa bila karatasi ya daktari kote nchini. Ikitumiwa ipasavyo, ni miongoni mwa dawa salama zaidi za kushusha homa ya mtoto. Tatizo katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ni kwamba maagizo yaliyochapishwa kwenye chupa humlenga mtoto ambaye ukame humfanya kuwa adimu: yule ambaye uzani wake unalingana na umri wake.

Kipimo sahihi hutegemea kilo. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mwili, kila baada ya saa nne hadi sita, na asizidishiwe mara nne kwa siku. Lakini chupa nyingi hutaja umri pekee. Chupa ya kawaida huwa na miligramu 120 katika kila mililita tano, na maagizo yanayomweka mtoto wa mwaka mmoja pamoja na wa miaka mitano huruhusu hadi mililita kumi kwa mara moja.

Mtoto wa miaka miwili aliyelishwa vyema huwa na takriban kilo 12. Aliyedhoofishwa na njaa anaweza kuwa na kilo nane. Akinyweshwa mililita kumi, huyu wa pili hupata miligramu 30 kwa kila kilo, yaani mara mbili ya kiwango cha juu kabisa. Mama atakuwa ametii maandishi yote, iwapo aliweza kuyasoma; mengi huwa kwa Kiingereza, katika eneo ambalo lugha ya nyumbani ni Kisomali.

Si hesabu ya mezani hii. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa katika Pembe ya Afrika, mifugo ikafa na maziwa yakatoweka. Mwili wenye utapiamlo hupungukiwa pia na kemikali ambayo ini hutumia kuondoa sumu ya paracetamol. Hivyo mtoto huyo hupata dawa nyingi kupita kiasi huku kinga yake ikiwa imepungua.

Ubaya wa sumu hii ni ukimya wake. Siku ya kwanza mtoto huenda akatapika kidogo tu au asionyeshe lolote, na ini huanza kuharibika waziwazi baada ya siku moja au mbili. Dawa ya kuizima ipo, lakini hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa nane. Kwa familia ya wafugaji iliyo mbali na Hospitali ya Rufaa ya Garissa, saa nane zinaweza kuisha kabla ya gari kupatikana, sembuse mafuriko yanapokata barabara kama ilivyotokea mwishoni mwa 2023.

Kuna mambo mengine yanayozidisha dozi bila mtu kujua. Vijiko vya jikoni havilingani. Dawa nyingi za mafua nazo zina paracetamol ndani, na anayezitoa pamoja na panadol humpa mtoto dawa ileile mara mbili.

Baadhi ya wazazi hukimbilia brufeni wakidhani ni kali zaidi. Mtoto anayeharisha na kuishiwa maji anaweza kuharibiwa figo na dawa hiyo. Aidha, homa za eneo hili si za aina moja. Dengue ilizuka Mandera mwaka wa 2011, na Homa ya Bonde la Ufa iliikumba Garissa mwishoni mwa 2006 hadi 2007. Zote mbili zinaweza kusababisha kuvuja kwa damu, jambo ambalo brufeni na aspirini huweza kulizidisha. Aspirini, kwa hakika, haifai kupewa mtoto kabisa kwa ajili ya homa. Uingereza iliizuia kwa walio chini ya miaka 16 tangu 2002.

Hata paracetamol iliyopimwa vyema haitibu chanzo cha homa. Malaria iliyoishambulia Wajir mapema 1998, baada ya mvua za El Niño, isingezuiwa na panadol. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa hapaswi kutibiwa nyumbani hata kidogo. Apelekwe kliniki mara moja.

Huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, na Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo inayosimamia wauzaji. Wote wawili wangeweza kudai jambo jepesi: muuzaji aulize kilo kabla ya kutoa chupa, akisoma kitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Ni ajabu kwamba sukari hupimwa kwa mizani dukani, ilhali mtoto anayenunuliwa dawa hukadiriwa kwa macho.

Hata hivyo, kitabu hicho kina kasoro kwa wanaohamahama. Kilo zilizoandikwa kabla ya ukame huwa nyingi kuliko alizobaki nazo mtoto. Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliozinduliwa na Serikali ya Kitaifa Septemba 2023, ndio walio karibu zaidi na familia hizo, na kwao kumpima mtoto upya kungepaswa kutangulia kijiko cha kwanza cha dawa.