Likizo Isiwe Kifungo

Kila zinapofungwa skuli zetu, watoto wa Unguja na Pemba huwa na furaha isiyo kifani. Wengine huvuka bahari kwenda kuwazuru mabibi na mababu zao, wengine hushinda pwani wakicheza mpira na kushindanisha ngalawa zao za kuchezea. Hata hivyo, yuko mtoto ambaye kwake yeye likizo haina utamu wowote. Huyo ni mtoto mwenye ulemavu. Siku za masomo angalau huwa na mwalimu na wenzake. Skuli ikifungwa, na mlango wa nyumba yao nao hufungwa.

Hatusemi haya kwa kusikia. Katika mtaa tuliokulia palikuwa na mtoto tuliyemjua kwa sauti yake tu. Tulipokuwa tukipita asubuhi kwenda chuoni na juzuu zetu mikononi, yeye alikuwa akitusalimu kutoka nyuma ya dirisha, mmoja mmoja, kwa majina yetu. Sisi hatukulijua jina lake, wala hatukuuliza. Wazazi wake hawakuwa watu waovu. Walikuwa na haya, na haya hiyo tuliwatia sisi majirani kwa macho yetu na kwa maneno yetu. Deni hilo hatujalilipa mpaka leo.

Ndiyo maana tunapenda leo kulizungumza jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni kambi za likizo zinazowakusanya pamoja vijana wenye ulemavu na wasio na ulemavu, chini ya uangalizi wa walezi wa kujitolea.

Jambo hili si ndoto. Huko Marekani, mwaka 1962, Bibi Eunice Kennedy Shriver, ndugu wa Rais Kennedy, alilifungua shamba la nyumbani kwake katika jimbo la Maryland wakati wa likizo ya kiangazi, akawaalika vijana wenye ulemavu wa akili waje kuogelea, kukimbia na kucheza mpira. Walezi wao walikuwa wanafunzi wa sekondari na wa vyuo waliojitolea. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba vijana wa namna hiyo hawafai kwa michezo. Kambi hiyo iliwaonyesha kinyume chake. Kutokana na mbegu hiyo, mwezi Julai 1968 yalifanyika katika mji wa Chicago mashindano ya kwanza ya Special Olympics, ambayo leo yameenea duniani, na nchi yetu ya Tanzania ni miongoni mwa zinazoshiriki.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Katika milima ya Catskill, jimbo la New York, ilifunguliwa mwaka 1951 kambi iliyoitwa Jened. Miongoni mwa waliokwenda huko tangu utotoni alikuwa Judith Heumann, aliyepatwa na polio angali mtoto mdogo, na ambaye skuli ilimkataa kwa madai kwamba kiti chake cha magurudumu kingekuwa hatari pindi moto ukitokea. Kambini hakuna aliyemwona kuwa ni hatari. Alicheza, alibishana, alichaguana na wenzake katika michezo, na baadaye akawa yeye mwenyewe mlezi wa wengine. Usiku vijana walikaa na kuelezana mambo ambayo kila mmoja alidhani ni aibu yake peke yake, wakagundua kwamba tabu zao ni moja na chanzo chake hakimo katika miili yao.

Matokeo yake yalikuwa nini? Mwezi Aprili 1977, Bibi Heumann na wenzake zaidi ya mia moja, wakiwemo baadhi ya waliojuana Jened, waliingia katika jengo la serikali mjini San Francisco na wakakaa humo zaidi ya siku 20, mpaka zikatiwa saini kanuni za kutekeleza sheria iliyokuwa imepitishwa tangu 1973. Mwaka 1990 ikafuata sheria kubwa ya kukataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu nchini humo. Watu waliofunzwa kambini kwamba wao ni watu kamili hawakukubali tena kufanywa nusu.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya nchi tajiri. Sisi tunasema sivyo. Neno kambi si geni visiwani kwetu. Vijana wetu walikaa katika makambi ya kujenga taifa tangu miaka ya 1960, na Jeshi la Kujenga Uchumi lilianzishwa mwaka 1977. Mahema tunayajua, kupika katika masufuria makubwa tunakujua, na bahari hatuinunui. Wahenga wamesema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Wala hatuwezi kujificha nyuma ya dini. Kila aliyesoma chuoni anaifahamu Sura ya Abasa, iliyoshuka kwa ajili ya kipofu, Ibn Umm Maktum, aliyekuja kutaka kufunzwa wakati wakubwa wa Makka wanasikilizwa. Kipofu huyo huyo alikuwa baadaye mwadhini wa Madina. Basi vipi sisi tuisome sura hiyo kwa tajuwidi nzuri, kisha tumwache kipofu wa mtaani kwetu ukumbini peke yake?

Kwa upande wa sheria, hatuna upungufu wa maneno. Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009, na kifungu cha 30 cha Mkataba huo kinataja wazi haki ya mtoto mwenye ulemavu kucheza na kustarehe sawa na wenzake. Kilichopungua ni vitendo. Kila ifikapo tarehe 3 Disemba, hotuba husomwa, viti vya magurudumu hukabidhiwa, picha hupigwa. Tarehe 4 kila mtu hurudi kwake, na mwenye kiti hurudi kwenye nyumba yenye ngazi tatu mlangoni.

Kwa hivyo tunatoa rai. Kwanza, Wizara zinazohusika na elimu na vijana zichague skuli moja yenye dakhalia Unguja na moja Pemba, zifanye kambi ya wiki moja katika likizo ijayo. Pili, kazi hiyo isipangwe bila ya wenyewe. UWZ, umoja wa watu wenye ulemavu ulioanzishwa mwaka 1985, ushirikishwe tangu siku ya kwanza, na miongoni mwa walezi wawemo vijana wenye ulemavu. Tatu, walezi wafunzwe kabla ya kukabidhiwa mtoto wa mtu: wajue lugha ya alama japo ya salamu na ya hatari, wajue la kufanya mtoto akishikwa na kifafa, na wajue kumwuliza mtu kabla ya kumwinua. Tabia zao zichunguzwe, na mlezi asiachwe peke yake na mtoto faraghani. Nne, fedha zitengwe katika bajeti. Kambi ya Jened ilifungwa mwaka huo huo wa 1977 kwa uhaba wa fedha, na moyo mwema peke yake haununui mchele.

Masheha nao wana sehemu yao. Wao ndio wanaozijua nyumba zenye madirisha yasiyofunguliwa. Wasiende kwa amri. Waende kwa salamu, wakae na wazazi, wawaondoshee hofu.

Na wewe kijana unayesoma safu hii, wiki moja ya likizo yako ni kitu kidogo. Utakwenda ukidhani unasaidia, na utarudi ukiwa umefunzwa. Wazee wetu wametwambia hujafa hujaumbika. Kambi tunayoiomba leo kwa ajili ya mtoto wa jirani huenda kesho ikawa ya mtoto wetu, au yetu sisi wenyewe.